Kitufe cha Kwa Nini

Gisenyi, tarehe 12 Februari 2024

Mwanangu Teta, mboni ya jicho langu,

Ulisema tusiongee kwa simu mpaka utafiti wako uishe, kwa sababu mtafiti akiongea na anayetafitiwa kazi inaharibika. Sawa. Mimi ni mtu wa kutii. Lakini barua hukuitaja. Donc naandika, na dereva wa basi la asubuhi atakupa bahasha hii pamoja na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, waliokaangwa vizuri, wamefungwa kwenye gazeti na juu yake mfuko. Harufu ikikufikia kabla ya dereva, ujue ni mamako anakuja.

Naandika Kiswahili cha Goma nilikosomea, maana Kinyarwanda changu cha kuandika kinachechemea na wewe una macho ya mwalimu.

Bon. Simu zimefika. Wamama wote wa koperative ya wauza samaki tumepata. Phocas, aliyekuwa akigawa samaki kwa kuangalia nani kamchekea, sasa anakaa juu ya beseni lililogeuzwa kama mfalme aliyepinduliwa. Boti zikirudi asubuhi, kila mmoja anatazama simu yake: LEO UNA ZAMU, au LEO HUNA ZAMU. Mwenye zamu anasogea na beseni, asiye na zamu anarudi nyumbani. Na chini kuna kile kitufe chako cha kijani kilichoandikwa KWA NINI? Ulitueleza kwamba ukikibonyeza, simu inakusemea sababu kwa sauti, kwa ajili ya wale ambao kusoma hawakukutana nako vizuri.

Nimewaambia wote ni nani aliyetengeneza akili hiyo ya simu. Nimewaambia kwa mpangilio: kwanza wa ufukoni, halafu wa sokoni, halafu wale wa kwaya. Wale wa Petite Barrière wanaovuka mpaka na mizigo kwenda Goma, hao nimewaambia wakiwa njiani, hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Vestine, unamjua, yule mwenye mdomo wa kufungulia chupa, akauliza mbele ya watu: "Cansilde, na hii kitufe ya kijani ni ya kazi gani?" Nikamjibu: "Ni ya watu kama wewe." Wamama walicheka mpaka Phocas akatabasamu, na yeye hajatabasamu tangu apinduliwe.

Wewe soma. Hapa ufukoni nimekupangia mambo, hutapata aibu hata kidogo. Usiniulize nimepanga nini.

Mamako anayeringa kwa ajili yako,
Cansilde

*

Kigali, 26 Februari 2024

Mama mpendwa,

Sambaza wamefika. Wenzangu wa chumbani wamewala kabla sijaweka mfuko chini, na sasa wanakuita mama yao bila kukuomba ruhusa.

Mama, niliposema tusiongee, nilimaanisha pia tusiandikiane. Wewe ni mmoja wa watumiaji ninaowachunguza. Lakini najua ukikatazwa mlango unaingia kwa dirisha, kwa hiyo tuandikiane, ila tusigusie kazi.

Na sasa naigusia mimi. Kwanza, sikutengeneza akili ya simu. Programu ya zamu ilitengenezwa na watu wengine. Inaangalia nani amekosa samaki kwa muda mrefu na boti zimeleta kiasi gani, halafu inapanga. Mimi niliongeza kile kitufe, na sauti inayosikika ni yangu. Ninachotafuta ni jambo moja tu: ni wakati gani mtu anayetumia programu anahitaji kuelezwa. Akipata? Akikosa? Papo hapo, au baadaye akishatulia? Nikilijua hilo, nitapata shahada yangu.

Mpaka sasa hakuna aliyebonyeza. Hata mmoja. Si vibaya, utafiti una siku zake. Ila niambie: mtu akikosa zamu hapo ufukoni, hanung'uniki? Wamama ninaowajua mimi hugombana na mvua.

Mtoto wako,
Teta

*

Gisenyi, 11 Machi 2024

Teta, malkia,

Hakuna aliyebonyeza! Yampayinka, niliposoma hapo niliinuka nikacheza peke yangu jikoni, na chungu cha maharage kikaungua, na sikujali.

Huyo daktari wako anayekusimamia, Rutagengwa, bila shaka sasa anatembea kwa magoti mbele yako. Mtu ametengeneza kitu kizuri kiasi kwamba hakuna anayeuliza swali! Kitenge kizuri kinaulizwa kwa nini? Mtoto wa fundi Siméon alitengeneza mashine ya umeme ya kunyolea, mpaka leo wateja wanauliza kwa nini inang'ata. Hiyo ndiyo kazi ya kuulizwa. Yako, kimya. Kimya kama kanisa la Nyundo siku ya Ijumaa Kuu.

Unauliza kama hawanung'uniki. Wananung'unikia wapi? Mimi nipo. Mtu akitazama simu akakosa, ananitazama mimi, halafu anafunga mdomo na kubeba beseni lake tupu. Heshima imeingia ufukoni, mwanangu. Wewe ndiye uliyeileta.

Hata mimi mwenyewe wiki iliyopita niliandikiwa LEO HUNA ZAMU. Mimi! Mwenyekiti wa wamama! Na aliyepewa ni nani? Mukagatare, yule mjane wa kule juu Kanama, anayeshika samaki kama anayeshika viazi, anayeteremka na kitambaa kimefungwa kinyume. Alichukua samaki wa boti nzima akatembea nao mbele yangu akisema, "Mama Teta, Mungu ni mwema." Nikamwambia ndiyo, ni mwema, kama tunavyojionea.

Lakini sikubonyeza. Mimi nibonyeze? Nilitabasamu, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango.

Ule vizuri. Msichana mwembamba anatia shaka hata akisema kweli.

Mamako,
Cansilde, Mwenyekiti

*

Kigali, 2 Aprili 2024

Mama,

Nimekuficha jambo, na sasa siwezi tena.

Kutobonyeza si ushindi. Kutobonyeza ndiko kunakoniua. Nilikuja kuchunguza wakati gani watu wanahitaji maelezo, na watu hawahitaji maelezo. Umeelewa, mama? Ni sawa na mtu aliyeomba likizo aende kuhesabu ndege, akakuta mti mtupu.

Daktari Rutagengwa haendi kwa magoti. Ana kawaida ya kuvua miwani kabla ya kumdharau mtu, ili asimuone vizuri. Jana aliivua. Akasema: "Binti, nilikuonya. Maelezo ni anasa ya watu wa ofisini. Wauza samaki wanapokea wanachopewa na wanaenda. Tusiwapakie maswali ambayo hawana." Anataka kukiondoa kitufe na kuufunga utafiti wangu. Kabla ya hapo atakuja Gisenyi mwenyewe, tarehe 23 mwezi huu, awaulize wamama uso kwa uso. Wakimwambia yale ambayo simu zao zinamwambia, nitarudi nyumbani bila shahada, na mwaka huu wote utakuwa maji ya kunawia.

Kuna kitu kimoja tu kinachonishikilia. Kuna mtumiaji mmoja anayebonyeza. Mmoja tu. Alianza mwezi wa tatu, na anabonyeza na kurudia, hasa Jumapili, wakati wa misa ya kwanza. Mimi naona namba tu, majina yamefichwa, na sheria inanikataza kutafuta ni nani. Sitaki kujua. Lakini mama, ukimfahamu, usimcheke. Daktari anasema mtu mmoja ni ajali. Kwangu mimi huyo ndiye mtu pekee Gisenyi nzima anayeniamini kiasi cha kuniuliza swali.

Teta

*

Gisenyi, 10 Aprili 2024

Teta,

Leo sikuiti malkia.

Ulitaka wabonyeze! Ulitaka waulize! Na hukusema! Mtoto anakwenda shule miaka yote hii, anarudi na mashine, mamake anaweka roho yake yote mtu asije akamuaibisha, kumbe yeye anaomba kuaibishwa! Kwa nini hukuniambia?

Sasa sikiliza nilichokufanyia. Siku simu zilipofika nilisimama juu ya jiwe la kuanikia nyavu nikatangaza: "Kitufe hiki ni mtihani wa mtoto wangu. Kila anayekibonyeza anamwambia profesa kule Kigali kwamba Teta hakufanya kazi vizuri. Atakayebonyeza, faini yake ni fanta kwa kila mama hapa, na mimi nitamuita mjinga kwa jina lake la ubatizo." Nilifikiri ni mtihani, Teta! Mtihani wenye maswali mengi ni mtihani mbaya, hata ng'ombe anajua. Hakuna mama mwingine wa mwanafunzi aliyefanya hata robo ya hayo. Mamake yule Ntwali anayesomea udaktari, amewahi kumtisha mgonjwa hata mmoja asiugue?

Na huyo Rutagengwa. "Wanapokea wanachopewa na wanaenda." Yeye samaki anayemla anamtoa wapi, kwenye miwani?

Ama huyo mtu wako wa misa ya kwanza, mimi simjui na sitaki kumjua. Wakati wa misa ya kwanza watu wenye akili wako kanisani, au wako nyumbani wanapiga pasi wakijiandaa kwa misa ya pili kama mimi. Atakuwa mpumbavu fulani. Atakuwa Vestine, ambaye goti lake linauma Jumapili tu. Na hata kama si yeye, ni mtu asiye na kazi. Lakini kwa kuwa umelitaja, niseme na hili, kwa niaba ya huyo mpumbavu: nyinyi mnaotengeneza sauti, mngetafuta maneno yenye adabu. Kumwambia mtu mzima, "Leo huna zamu kwa sababu umepata mara nyingi kuliko wenzako, tafadhali wapishe," tena kwa sauti ile tamu, kama unayembembeleza mtoto anywe dawa! Mtu akisikia hivyo ana haki ya kubonyeza tena na kuuliza tena na kuijibu simu kwa sauti mpaka majirani wachungulie.

Nimesema kwa niaba yake tu.

Sambaza sikutuma. Nimekasirika. Nimetuma maparachichi.

Cansilde

*

Kigali, 15 Aprili 2024

Mama,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia kwa hasira. Mara ya pili nililia pia, ila si kwa hasira, na sitakueleza zaidi.

Umewaziba midomo. Umewaziba midomo watu ambao nilikuja kusikia midomo yao, halafu unaniambia mama mwingine hajafanya hata robo. Ni kweli, mama. Hajafanya.

Nakuomba mambo mawili. Ondoa faini yako ya fanta leo hii, juu ya jiwe lile lile. Halafu daktari akija tarehe 23, unyamaze. Usinisifu. Usitaje kwamba wewe ni mamangu. Usimpe samaki. Waache wamama waseme wenyewe. Mimi sikuruhusiwa kuja naye, nitakuwa hapa nikisubiri kama mtu aliyeshtakiwa.

Ama mtu wa Jumapili, sikumtafuta, na sitamtafuta. Akiona haya, abaki na haya zake. Akiendelea kubonyeza, mimi nipo.

Teta

*

Gisenyi, 24 Aprili 2024

Teta,

Alikuja. Akaondoka. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi nyeupe, ufukoni, kwenye magamba ya samaki. Nimekwisha kusema vya kutosha kuhusu akili yake.

Sikukusifu. Samaki sikumpa. Mengine utayasikia kwake. Sina la kuongeza, na kichwa kinaniuma.

Mamako

*

Gisenyi, tarehe 25 mwezi wa ine

Kwa mutoto wetu Teta,

Ni mi Vestine. Usishangae. Dereva wa basi ni shemeji yangu, na anuani yako nimeipata kwake, kwa sababu barua za mamako kila mutu anazijua kwa harufu.

Naandika kwa sababu mamako hatakuambia ukweli. Anajua kusema mambo mengi, ile moja anaificha. Mi simpendi mamako, hilo ulijue kabla hujaendelea. Miaka yote anatembea kama yeye peke yake ndiye alizaa. Mi nilizaa sita, na sijasimama juu ya jiwe.

Bon. Ile faini aliiondoa kweli. Alisimama akasema: "Sasa mubonyeze, muko huru." Nani alimuamini? Tulisema ni mtego. Tulijua mamako anatupima. Hata Mukagatare, ambaye anaamini kila kitu, alificha simu kwenye matiti.

Basi daktari akafika na ile viatu yake nyeupe. Boti zilikuwa zimeleta kidogo, wengi wetu tulikuwa na basani tupu, roho inawaka. Akauliza: "Wamama, kuna mtu hapa amewahi kutaka kujua kwa nini amekosa zamu?" Tukajibu wote pamoja kama kwaya: "Hapana, tunaelewa!" Akauliza tena. "Tunaelewa!" Akavua miwani, akamwambia dereva wake kwa Kifaransa, akidhani sisi ni mawe: "Si nilisema? Hawa wanapokea tu." Akafunga kompyuta yake.

Mamako alikuwa amesimama nyuma, amevaa kile kitenge cha Pasaka, mdomo ameukaza kama mutu mwenye maji mdomoni. Nilimuona anaangalia ile kompyuta inavyofungwa. Halafu akapita katikati yetu, ananisukuma mi na kiwiko, akatoa simu yake, akaiinua juu, akabonyeza. Sauti yako ikatoka ufukoni pote, muzuri kabisa: "Mama, asubuhi njema. Leo huna zamu kwa sababu umepata mara nyingi kuliko wenzako. Tafadhali wapishe."

Teta, tulicheka. Sitakudanganya, mi ndiye nilianza. Mwenyekiti! Kumbe miaka yote ya Phocas alikuwa anapata samaki kutupita, na mashine imemtaja, na sauti ni ya mutoto wake mwenyewe! Phocas aliinuka kwenye basani yake akaenda kuangalia boti ambazo hazina kitu. Mi nilishika mbavu.

Yeye simu hakuishusha. Daktari akavaa miwani. Akamuuliza: "Wewe ndiye yule wa Jumapili?" Mamako akamwambia: "Ndiyo, ni mi. Nilikosa samaki, nikataka kujua. We ukikosa mshahara hautauliza? Na hawa wote wanataka kujua, mi ndiye niliwafunga mdomo kwa sababu ya ujinga wangu. Muulize huyu Vestine. Huyu anamuuliza hata Mungu."

Wakageuka kuniangalia. Ningeweza kusema hapana. Nilifikiria, Teta, nilifikiria kabisa, miaka yangu yote ilikuwa inaniambia sema hapana. Halafu nikasema: "Ni kweli. Alhamisi nilikosa na boti zilikuwa zimejaa. Nataka kujua kwa nini, na sitaki kujua mbele ya huyu mwanamuke." Basi ikafunguka. Mukagatare akatoa simu kwenye matiti, huyu anasema hivi, yule anasema vile, wote wanabonyeza, sauti yako inatoka kila pembeni kama vifaranga. Daktari aliandika mpaka jua likakaa kichwani, viatu ikawa rangi ya matope.

Lakini kitu kimoja sikuelewa, na ndiyo maana naandika. Watu walipoondoka nilirudi kuchukua basani yangu, nikamkuta mamako peke yake kwenye jiwe. Alikuwa amebonyeza tena. Ile maneno ya aibu, anaisikiliza tena, simu iko kwenye sikio, macho imefungwa. Nikajisemea, huyu mama iko na wazimu.

Usimwambie nimekuandikia. Bado simpendi.

Vestine

*

Kigali, 27 Mei 2024

Mama mpendwa,

Utafiti unaendelea. Daktari Rutagengwa amenipa muda, na ametia sahihi. Ameniambia kwa mdomo wake, miwani ikiwa usoni: "Nilikosea kuhusu wale wamama." Halafu akatazama dirishani kama mtu aliyemeza mfupa. Nitapata shahada yangu, mama. Yaliyotokea ufukoni nimeyasikia. Usiniulize kwa nani.

Sasa wanabonyeza, na ninaanza kuona. Mwenye samaki haulizi kamwe. Angepewa samaki kwa makosa asingeuliza. Aliyekosa ndiye anayeuliza, na haulizi papo hapo mbele ya macho ya wenzake. Anarudi nyumbani, anatua beseni, anafunga mlango, ndipo anabonyeza. Wale walioitengeneza programu walidhani maelezo yanahitajika pale pale neno linapotokea. Kumbe yanahitajika mahali ambapo hakuna anayekuona ukiyahitaji. Hilo ndilo nitakaloandika, na nimelipata kwako, ingawa jina lako haliwezi kutajwa.

Kuna badiliko moja. Wamama walimwambia daktari, "Tunapenda kumsikia mtoto wa Cansilde." Akasema hilo linaharibu utafiti, maana hatutajua mtu amebonyeza kwa kuhitaji sababu au kwa kupenda msemaji. Kwa hiyo tumeiondoa sauti yangu. Anayesema sasa ni mtangazaji mmoja wa huku. Maneno ni yale yale.

Na tangu tubadilishe, mtu wa Jumapili amebonyeza mara moja tu, halafu basi, ingawa amekosa zamu kama zamani. Nimeandika kwenye kazi yangu: "Mtumiaji huyu ameelewa, hahitaji maelezo tena." Nimekosea, mama?

Sheria ya kutoongea itaendelea mpaka Agosti. Nisamehe.

Teta

*

Gisenyi, 3 Juni 2024

Teta, malkia, daktari wa kesho,

Nimewaambia wote. Wa ufukoni, wa sokoni, wa kwaya, wa Barrière. Nilipofika kwa Vestine akasema, "Tumeisha kusikia, Cansilde, hata kuku zimesikia." Nikamwambia asikie tena, sikio la kwake ni zito. Tulikuwa tunasafisha samaki beseni moja. Usifikiri tumepatana. Yeye hajui hata kuondoa matumbo ya sambaza bila kumrarua, namvumilia tu kwa kuwa huruma ni amri ya Mungu. Mukagatare nimemfundisha kufunga kitambaa.

Umefuta sauti yako ukaweka mtangazaji. Nimemsikia mara moja. Anazungumza kama mtu anayetangaza matanga ya watu asiowajua. "Mama, asubuhi njema." Nani ni mama yake? Mimi sikumzaa, na aliyemzaa ningemuonea haya. Anasema umepata mara nyingi kuliko wenzako, hata neno halikupungua. Nikaweka simu chini ya mto.

Na wewe, pamoja na shule zote hizo, unaandika kwenye kitabu kwamba mtu wa Jumapili ameelewa, ndiyo maana ameacha. Futa hapo, mwanangu. Watu watasoma, watanicheka mimi kwamba nimezaa mtu asiyeona. Mtu wa Jumapili alielewa siku ya kwanza. Jumapili ya kwanza, kabla pasi haijapata moto, alikuwa ameisha kuelewa kila kitu: alipata mara nyingi, awapishe wenzake. Maelezo mafupi vile, hata Phocas angeyaelewa. Lakini wiki iliyofuata alibonyeza tena. Na tena.

Kama hujui kwa nini, mimi siwezi kumweleza mtu anayengoja shahada kila kitu kwa barua. Sheria yenu inakataza simu, haikutaja basi. Njoo kwa basi la saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Utafika misa ya kwanza ikiwa bado inaendelea, na mimi niko nyumbani, peke yangu, napiga pasi.

Mamako,
Cansilde